Maswali ya Wasomaji: Nani Anauza Plaiwudi na MDF Nyingi Kuliko Nani?

Barua za mwezi huu zimetoka kwa makundi mawili. Wapo wanafunzi wanaofanya utafiti wa biashara ya nchi na nchi, na wapo wenye karakana na maduka ya mbao, kutoka Gikomba hadi Eneo la Viwanda, wanaotaka kujua mzigo uagizwe wapi. Tumezijibu pamoja kwa sababu kosa ni lile lile kwa wote: watu hulinganisha namba ambazo hazikupimwa kwa kipimo kimoja.

SWALI: Mhariri, salamu. Ninaandika tasnifu kuhusu biashara ya kimataifa ya paneli za mbao. Nimechukua takwimu za FAO na za UN Comtrade, nchi zile zile, mwaka ule ule, lakini hazikubaliani hata kidogo. Nitumie zipi? *Mwanafunzi, Ruaraka*

JIBU: Tumia zote mbili, lakini kila moja kwa kazi yake. Usizichanganye katika jedwali moja bila kusema ni safu ipi imetoka wapi.

Takwimu za misitu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, hukusanywa kwa hojaji ya pamoja na ITTO (shirika la mbao za tropiki), UNECE (tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya) na Eurostat (ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya). Hutoa ujazo kwa mita za ujazo na thamani kwa maelfu ya dola, na ubora wake mkubwa ni kwamba zina uzalishaji pia. Ukitaka kujua matumizi ya ndani ya nchi (uzalishaji, ongeza uagizaji, toa mauzo ya nje), hapo ndipo pa kuanzia. Comtrade, hifadhi ya takwimu za biashara ya Umoja wa Mataifa, ni rekodi za forodha. Zinakuonyesha nani kamuuzia nani, kwa dola ngapi na kilo ngapi, kwa aina ndogo ndogo za bidhaa. Uzalishaji humo haumo.

Kabla ya kupakua chochote, funga maana ya "paneli". Kwa namba za HS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa forodhani, 4410 ni chipubodi na OSB (paneli ya vipande virefu vya mbao), 4411 ni paneli za nyuzi, yaani MDF, HDF iliyo nzito zaidi, na hadibodi, na 4412 ni plaiwudi pamoja na jamaa zake, blokibodi ikiwemo. Vinia peke yake, karatasi ya mbao isiyozidi milimita 6, iko 4408. Zamani FAO iliihesabu vinia ndani ya jumla ya paneli, siku hizi imetengwa. Ukichukua jumla iliyo katika chapisho la zamani ukaiweka kando ya jumla mpya, nchi inayouza vinia nyingi kama Gabon itaonekana kana kwamba imeporomoka, na hakuna kilichoporomoka.

Kuna mitego mingine mitatu ya namna hiyo. Wa kwanza ni marekebisho ya HS. Kabla ya toleo la 2007, namba 4411 iligawanywa hasa kwa msongamano, si kwa unene. Tangu 2007 MDF ina vijisehemu vyake kwa unene: 4411.12 ni ya hadi milimita 5, 4411.13 ni zaidi ya 5 hadi 9, na 4411.14 ni zaidi ya 9. Toleo la 2022 nalo limezitenga mbao za LVL (za vinia zilizogandishwa pamoja) ndani ya 4412, na kuigawa blokibodi kwa aina ya mti. Kwa hiyo mstari wa MDF unaoanza 2003 hauwezi kutoka moja kwa moja kwenye vijisehemu hivi. Ama uanzie 2007, ama ubaki kwenye tarakimu nne, 4411 nzima, na useme hivyo.

Wa pili ni sakafu. Sakafu ya laminate yenye kiini cha HDF huingizwa kwa kawaida ndani ya 4411, mara nyingi 4411.13 kwa sababu ya unene wake. Bidhaa hiyo imeshakatwa, imechapwa picha ya mbao na kuchongwa ndimi za kuunganishia. Ukiona Ujerumani inauza "MDF" kwa bei ya juu mno kuliko Thailand, usikimbilie kuandika kuhusu ubora wa Wajerumani. Huenda unalinganisha sakafu iliyokamilika na shiti ghafi.

Wa tatu ni malighafi. Namba 4410 na 4411 hazisemi mbao tu, zinasema mbao au vitu vingine vyenye asili ya mti. Chipubodi iliyotengenezwa kwa makapi ya miwa inaingia humo humo. Kwa anayeandika kuhusu misitu, tofauti hiyo ni kubwa.

Sasa hatua zenyewe. Kwenye Comtrade chagua nchi inayoripoti, mshirika awe "dunia nzima", mwelekeo wa biashara, namba ya tarakimu sita, na angalau miaka mitano. Usishuke chini ya tarakimu sita. Tarakimu ya saba na ya nane kila nchi au jumuiya hujiongezea yenyewe, na ya Afrika Mashariki hailingani na ya Ulaya. Ukishapakua, ongeza safu mbili: dola gawanya kwa mita za ujazo, na kilo gawanya kwa mita za ujazo. Safu hii ya pili ndiyo askari wako. MDF ya kawaida ina kilo 600 hadi 800 kwa mita ya ujazo, chipubodi 600 hadi 700 hivi, plaiwudi 450 hadi 700 kulingana na mti. Ukipata 7.2 au 7,200, mtu kakosea nukta au kaandika mita za mraba mahali pa mita za ujazo. Ukipata safu nzima yenye uwiano ule ule kamili kila mwaka, ujue ujazo haukupimwa, umekadiriwa kutoka kwenye uzito. Hapo tegemea kilo.

Takwimu za Marekani zina lugha yake. Viwanda vya huko huhesabu OSB na plaiwudi ya misonobari kwa futi za mraba zenye unene wa kukisia wa inchi 3/8. Futi za mraba 1,000 za namna hiyo ni mita za ujazo 0.885. Chipubodi na MDF huhesabiwa kwa unene wa inchi 3/4, na hapo futi 1,000 ni mita za ujazo 1.77. Ukichanganya misingi hiyo miwili utakosea mara mbili kamili.

SWALI: Nina karakana ya samani, nahitaji MDF ya milimita 18. Muuzaji wa kwanza ameniambia dola 260 kwa mita ya ujazo, FOB. Wa pili, nchi nyingine, dola 17 kwa shiti, CIF Mombasa. Fundi wangu anasema wa kwanza ni nafuu sana. Ni kweli? *Mama mwenye karakana, Kariobangi*

JIBU: Mama, hapana, tofauti ni ndogo kuliko inavyoonekana, na inaweza hata kugeuka. FOB ni bei ya mzigo ukiwa bandarini kwa muuzaji, CIF ni pamoja na nauli na bima hadi bandari ya hapa. Tuipige hesabu.

Shiti ya futi 8 kwa 4 ni mita 2.44 kwa 1.22, sawa na mita za mraba 2.977. Kwa unene wa milimita 18, shiti moja ina mita za ujazo 0.0536. Mita moja ya ujazo inatoa shiti 18.66. (Kwa 12mm ni shiti 28, kwa 9mm ni 37.3, kwa 6mm ni 56, na kwa 3mm ni 112. Ziandike ukutani karibu na simu.)

Muuzaji wa pili: dola 17 mara 18.66 ni dola 317 kwa mita ya ujazo, na mzigo umeshafika Mombasa, nauli na bima zimo. Wa kwanza, 260, mzigo uko kwenye bandari yake. Lazima uongeze nauli, na nauli ya MDF inategemea uzito zaidi ya nafasi. Kontena la kawaida la futi 40 lina nafasi ya mita za ujazo kama 67, lakini hutalijaza. MDF yenye kilo 730 kwa mita ya ujazo ikifika tani 27, umepakia mita za ujazo 37 tu, yaani shiti kama 690 za kilo 39 kila moja. Tuseme kontena limenukuliwa dola 1,900. Gawanya kwa 37, unapata dola 51 kwa mita ya ujazo. 260 na 51 ni 311. Weka bima, umefika 314 hivi. Tofauti iliyobaki ni dola tatu, si hamsini na saba.

Bado kuna unene. Paneli inayouzwa kama 18 mara nyingine hupima 17.2, na plaiwudi ya bei ya chini hupungua hata zaidi. Shiti ya 17.2 ina asilimia 95.6 tu ya ujazo uliolipia. Ile 317 inakuwa 332. Omba sampuli, chukua kalipa, pima pembe zote nne na katikati ya kila upande, sehemu nane, toa wastani. Anayekuuzia kwa mita ya ujazo huku akihesabu unene ulioandikwa kwenye kifurushi badala ya uliopimwa anakuuzia hewa, na droo zako hazitakaa kwenye mfereji uliochongwa kwa 18.

Kodi nazo zilinganishwe baada ya hapo, si kabla. Thamani inayotozwa ushuru hapa ni ya CIF, kwa hiyo nauli ndefu inaongeza na ushuru. VAT ya asilimia 16 hupigwa juu ya CIF pamoja na ushuru wenyewe, na kuna ada za tamko la uagizaji na za maendeleo ya reli. Kiwango cha ushuru usikichukue kwa dalali. Jumuiya ya Afrika Mashariki huchapisha mabadiliko katika gazeti lake rasmi kila mwaka mwishoni mwa Juni, na mara nyingi nchi moja hupewa ruhusa ya kutumia kiwango tofauti kwa mwaka mmoja kwa bidhaa fulani. Mzigo ulioondoka bandarini kwao Mei unaweza kutozwa kiwango cha Julai. Paneli zenye asili ya Uganda au Tanzania zikiwa na cheti halali cha asili haziingii kwenye hesabu hiyo ya ushuru kabisa, ndiyo maana kulinganisha kiwanda cha Mafinga, Tanzania, na cha Asia kwa bei ya kiwandani tu hakukusaidii.

SWALI: Kwa nini Tanzania inasema imeiuzia Kenya kiasi fulani cha plaiwudi, na Kenya inasema imenunua kiasi kingine? Nani anadanganya? *Msomaji, South B*

JIBU: Mara nyingi hakuna anayedanganya. Anayeuza huandika kwa FOB, anayenunua kwa CIF, kwa hiyo namba ya mnunuzi hutakiwa kuwa kubwa zaidi. Mzigo uliotoka Desemba ukafika Januari uko mwaka mmoja kwa muuzaji na mwaka unaofuata kwa mnunuzi. Mzigo wa mfanyabiashara mdogo wa mpakani, wenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupita kwa utaratibu uliorahisishwa, na mwingine haurekodiwi popote. Halafu kuna nchi ya asili dhidi ya nchi ya mwisho kutumwa: plaiwudi ya China iliyopumzika kwenye ghala la Dar es Salaam ikaletwa Namanga, forodha ya Kenya itaiandika China kama nchi ya asili, wakati Tanzania inaiona ni mauzo yake ya kwenda Kenya.

Na usisahau Mombasa ni mlango wa wengi. Mzigo wa kupita kwenda Kampala au Kigali haupaswi kuhesabiwa kuwa uagizaji wa Kenya. Ukiutumia wingi wa makontena bandarini kama kipimo cha soko la Kenya, utapotea.

Pengo likiwa chini ya asilimia 15 hivi kwa nchi jirani, tunalichukulia kuwa la kawaida. Likiwa mara mbili au tatu, angalia kwanza namba ya HS: huenda mmoja kaiandika blokibodi, mwingine kaiita mbao zilizopasuliwa za 4407. Ukilazimika kuchagua upande mmoja, chukua wa mwagizaji. Forodha hukagua kwa makini pale inapokusanya pesa.

SWALI: Plaiwudi ya mkaratusi inahesabiwa kuwa ya mti wa tropiki? *Mwanafunzi wa misitu, Kikuyu*

JIBU: Hapana, hata kama imekua Uasin Gishu. Tangu HS ya 2017, mkaratusi umetajwa kwa jina katika 4412.33 pamoja na poplar, birch na mialoni. Plaiwudi ambayo nyuso zake zote mbili ni za msonobari au saiprasi huenda 4412.39. Ya tropiki, 4412.31, inatosha uso mmoja tu wa nje uwe wa mti wa tropiki, mathalani okoume ya Gabon au meranti ya Malaysia. Kumbuka ni uso wa nje unaoamua, si kiini. Shiti yenye kiini cha poplar cha China na ngozi nyembamba ya okoume inaingia kwenye tropiki. Kwa hiyo ukijumlisha 4412.31 ya dunia ukadai huo ndio ujazo wa miti ya tropiki iliyokatwa, umezidisha vibaya sana.

SWALI: Ninataka kupanga nchi kwa nafasi: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nichukue mwaka gani, na nitumie kipimo gani zaidi ya jumla ya dola? *Mwandishi wa habari za biashara, katikati ya jiji*

JIBU: Usichukue mwaka mmoja. Chukua wastani wa miaka mitatu, na ujue nini kilitokea ndani yake, kwa sababu biashara hii huongozwa na sheria kuliko watu wanavyofikiri.

Indonesia ilipiga marufuku kuuza magogo nje mwaka 1985, na katika miaka iliyofuata ikawa muuzaji mkubwa kabisa wa plaiwudi ya tropiki. Gabon ilifunga magogo mwaka 2010, viwanda vya vinia vikaota katika eneo la Nkok karibu na Libreville. Marekani iliweka ushuru mzito dhidi ya plaiwudi ya miti migumu kutoka China mapema 2018. Maagizo yakahamia Vietnam, Indonesia na kwingineko, na mwaka 2023 wizara ya biashara ya Marekani ikaamua kwamba sehemu ya mzigo wa Vietnam ilikuwa ni njia ya kuukwepa ushuru huo. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukazuia mbao na paneli za Urusi, soko la plaiwudi ya birch likageuka. Hapa kwetu, marufuku ya Februari 2018 ya kuvuna misitu ya umma ilivibana viwanda vyetu vilivyotegemea magogo ya serikali. Jedwali la Kenya linaloanza 2017 na kuishia 2019 linapima marufuku hiyo zaidi ya kitu kingine chochote.

Kuhusu kipimo: jumla ya dola huipa ushindi nchi kubwa kila mara. China itakuwa juu, na msomaji hajajifunza kitu. Ongeza kipimo cha ubobezi alichokipendekeza Béla Balassa mwaka 1965. Chukua fungu la paneli katika mauzo yote ya nje ya nchi, ligawe kwa fungu la paneli katika mauzo yote ya dunia. Kwa mfano wa kubuni: nchi inauza nje dola bilioni 8, paneli zikiwa milioni 40, yaani asilimia 0.5. Kama kwa dunia fungu hilo ni asilimia 0.2, nchi inapata 2.5. Zaidi ya 1 maana yake imebobea. Hapo nchi ndogo zenye misitu na viwanda huinuka, na habari yako inakuwa habari. Tahadhari: nchi ambayo mauzo yake mengine yameanguka, mafuta kwa mfano, kipimo hiki kitapanda bila kiwanda kimoja kuongeza shiti moja. Tazama ujazo sambamba.

Kwa nchi kama Ujerumani, inayouza sana na kununua sana, tumia kipimo cha Grubel na Lloyd: moja, toa tofauti ya mauzo na manunuzi iliyogawanywa kwa jumla yake. Mauzo 900 na manunuzi 700 yanatoa 1 toa 200/1600, yaani 0.875. Karibu na 1, nchi inabadilishana bidhaa za aina moja na majirani. Hilo ni la kawaida kwa chipubodi, kwa sababu ni nzito kwa bei yake na haivumilii safari ndefu. OSB ya Kanada nayo huishia zaidi kwa jirani yake, Marekani. Plaiwudi ndiyo msafiri wa bahari. Kwa sababu hiyo tunashauri msimamo mmoja bila kusita: usipange nchi kwa "paneli zote" katika orodha moja. Panga plaiwudi peke yake na chipubodi peke yake. Soko la chipubodi ni la majirani, la plaiwudi ni la dunia, na orodha ya pamoja huficha yote mawili.

SWALI: Vyeti vya formaldehaidi vya nchi mbalimbali vinalinganishwaje? Mmoja anasema E1, mwingine CARB 2, mwingine nyota nne. *Mwenye duka, Industrial Area*

JIBU: Haviwekwi kwenye mstari mmoja, kwa sababu vipimo vya gesi hiyo inayotoka kwenye gundi ya paneli ni tofauti. E1 ya Ulaya hupimwa kwenye chumba maalumu, kikomo takriban ppm 0.1 (ppm ni sehemu kwa milioni ya hewa), au kwa kuchemsha vipande, kikomo miligramu 8 kwa gramu 100 za paneli kavu. Utaratibu wa Kalifonia, ndio hiyo CARB 2, ambao Marekani nzima imeuchukua kwa sheria yake ya shirikisho, hutofautisha bidhaa: plaiwudi ya miti migumu ppm 0.05, chipubodi 0.09, MDF 0.11, MDF nyembamba 0.13. Nyota nne za Japani hupimwa kwa chombo cha kioo chenye maji, kwa miligramu kwa lita, wastani usizidi 0.3. Ppm 0.1 ya chumba cha Ulaya si 0.1 ya chumba cha Marekani, maana joto, unyevu na kasi ya hewa havifanani.

Unapolinganisha bei za wauzaji wawili, mtake kila mmoja aandike jina la njia ya kipimo, si herufi tu, na namba ya shehena iliyopimwa. Kisha angalia kama namba hiyo imepigwa mhuri kwenye vifurushi vinavyofika ghalani kwako Embakasi. Cheti cha shehena nyingine hakisemi chochote kuhusu paneli ulizoshusha.